Koti la Mheshimiwa Lachanjwa

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na jina. Jina lilikuwapo, zuri tu, ila lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likapitiwe upya, na kamati ilikuwa bado inasubiri kuletewa viti. Wananchi waliendelea kuishi hivyo hivyo bila jina, na kusema kweli hawakuona tofauti.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Mikungu, palikuwa na zahanati ya vyumba vitatu na nesi mmoja. Nesi huyo aliitwa Siwema Kihampa, mama wa miaka hamsini na nane, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa amewachanja watoto wa Mikungu kwa miaka thelathini na moja, nao walipokua wakazaa, akawachanja na watoto wao. Na alikuwa na jambo lake moja. Manesi wengine wakimsogelea mtoto na sindano humwambia haiumi. Siwema neno hilo hakuwahi kulitoa kinywani. Yeye alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamwonyesha sindano waziwazi, akamwambia, "Itauma kidogo, halafu itaisha." Mtoto alilia, atake asitake. Lakini alilia akijua anacholilia, na safari ya pili aliingia mwenyewe, mkono wa shati ameshaukunja. Kina mama wa Mikungu walikuwa wakiambiana kwamba Nesi Siwema akikwambia unakufa, usibishe, nenda kaage watu.

Kisha ikaja homa ya mkabo.

Hapana, tuseme vizuri. Haikuja, kwa sababu serikali ilikuwa imeikataza. Waziri wa Afya na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Bonifasi Kandege (udaktari wake ulikuwa wa heshima, alitunukiwa na chuo cha useremala baada ya kuwafungulia choo), alitoa tamko kwamba homa hiyo haina kibali cha kuingia nchini, na askari wa mpakani wakaelekezwa kuidai hati. Watu walipoanza kukohoa, ikaelezwa kwamba wanakohoa kwa mazoea. Walipoanza kufa, manesi wote wakaletewa waraka: katika daftari la vifo iandikwe kwamba marehemu alichoka.

Siwema aliandika. Aliandika "alichoka" mara arobaini na tatu, hata kwa Fundi Machano wa baiskeli, mtu ambaye maishani mwake alikuwa hajachoka hata siku moja. Kina mama waliofiwa walisoma kile alichokiandika, wakamtazama, wakaondoka. Siwema alijua maana ya kutazamwa namna ile, na roho ilimsuta.

Siku ya Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, ugonjwa ukawapo. Ilikuwa imetua ndege ya chanjo kutoka kwa marafiki wa nje, na haiwezekani nchi yenye heshima zake ikapokea chanjo ya ugonjwa ambao haupo. Baraza la Mawaziri likakaa, ugonjwa ukaruhusiwa. Wale waliokuwa wamekamatwa Jumatatu kwa kusema upo wakaendelea kubaki ndani, maana Jumatatu haukuwapo.

Lakini watu hawakuja kuchanjwa. Walioambiwa jana hakuna kitu, na leo wanaambiwa kipo tena ni hatari, na wanaowaambia ni wale wale kwa kipaza sauti kile kile, waliona heri wakae nyumbani wasubiri la kesho. Kwa wiki mbili Siwema alichanja watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe.

Wizara ikaona dawa ni mfano. Waziri achanjwe hadharani, mbele ya kamera za televisheni, na achanjiwe Mikungu. Habari hiyo ililetwa na Mkuu wa Itifaki, Bwana Hemedi Lukanga, mtu mwembamba, mpole, aliyezungumza taratibu kama amebeba trei ya mayai. Alimweleza Siwema kwamba utafiti umemwonyesha kuwa ndiye nesi pekee nchini ambaye bado anaaminika, kwa asilimia tisini na moja. Asilimia hizo, akasema, Wizara ingependa kuziazima kwa siku moja.

Siwema alifurahi. Aliona sasa watu wataona kwa macho yao, watachanjwa, na yeye ataacha kuandika watu wamechoka.

Ndipo Bwana Lukanga akafungua begi, akatoa kitabu. Kulikuwa na vikwazo viwili vidogo. Kwanza, Sheria ya Heshima ya Viongozi inakataza mtu yeyote kumtoboa, kumkwaruza au kumtoa kiongozi damu hata tone moja. Kinyozi wa Waziri mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwa kibali maalumu. Pili, kiongozi havuliwi koti mbele ya umma isipokuwa na kiongozi wa ngazi yake, na wa ngazi yake wote walikuwa semina. Kamati ilikesha siku tatu juu ya mambo hayo mawili, ikapata ufumbuzi. Ndani ya mkono wa koti, palepale sindano inapoingia, pangeshonewa sifongo.

"Sasa chanjo itamwingia vipi?" Siwema aliuliza.

"Itamwingia kiitifaki, Nesi," Bwana Lukanga alijibu. "Na ukishamchoma, utageuka kwenye kamera, utawaambia wananchi haiumi."

Siwema alimwambia kwamba neno hilo yeye halisemi. Alimweleza kwa nini, kwa kirefu, na Bwana Lukanga alimsikiliza kwa adabu zote. Alipomaliza, bwana huyo akalitazama friji la chanjo lililokuwa likinguruma pembeni, lenye dawa za surua na polio na pepopunda za watoto wa Mikungu wote, akauliza kama ni la Wizara. Siwema akasema ndiyo, ni la Wizara. Bwana Lukanga akasema ni zuri, na kwamba ziko zahanati nyingi zinalililia friji kama hilo.

Siwema akakubali.

Siku ya sherehe yaliletwa mahema, bendi ya tarumbeta, na hotuba saba. Mheshimiwa Kandege, akiwa ndani ya koti lake jeusi la sufu jua likiwaka, aliwaeleza wananchi kwamba yeye anajitoa mhanga kwa ajili yao, kwamba mkono huu si mkono wake tena bali ni mkono wa taifa. Kisha akaketi. Siwema akachoma. Sifongo, kumbe, lilikuwa dogo. Chanjo ikalijaza, ikashuka ndani kwa ndani, ikatokeza kwenye kiwiko cha koti na kuanza kudondoka tone kwa tone juu ya kiatu cha Mheshimiwa. Mpiga picha wa televisheni ya taifa alikuwa ameletewa kamera mpya yenye uwezo wa kuvuta vitu karibu. Akavuta. Nchi nzima ikaona kiatu kinavyolowa.

"Haiumi," Siwema akaliambia taifa. Sauti yenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kweli kabisa," akasema Waziri. "Sijasikia kitu." Na hilo ndilo lilikuwa tamko la kwanza la kweli kutoka Wizarani kwa mwaka mzima.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Siwema alikuta foleni imetoka mlangoni hadi kwenye mashine ya kusaga. Moyo ulimruka kwa furaha. Alipokaribia ndipo akaona kwamba kila mtu amebeba nguo. Wa kwanza alikuwa Mzee Ngwali, tarishi mstaafu wa posta, amevaa fulana tu, koti lake la harusini amelilaza mkononi kwa uangalifu. Kwa heshima zote alimweleza nesi kwamba na yeye ameleta la kwake. Serikali ina wataalamu, alisema. Kama wataalamu wameamua waanze na koti, watakuwa na sababu zao, na yeye nani hata abishe. Siwema alimkazia macho aone kama anatania. Hakuweza kujua, na huenda hata mzee mwenyewe hakujua.

Alipiga simu Wizarani. Bwana Lukanga alimsikiliza, akauliza swali moja tu, kwamba wamefika wangapi. Siwema akasema wanapata mia mbili na kumi. Kwenye simu ikasikika sauti ya mtu anayefurahi kwa adabu. Akaagizwa awachanje kama walivyokuja, na kila mmoja apewe kadi. Akachanja. Friji lilikuwa bado la Wizara.

Habari ikaenea nchi nzima. Mwezi haukuisha, waliochanjwa wakafikia asilimia mia moja. Wiki iliyofuata wakafika mia na thelathini, kwa sababu watu wa nchi ile, pamoja na umaskini wao, ni watu wa kupenda kuvaa, na wauza mitumba walikuwa wanachanja marobota mazima kwa kadi ya pamoja. Wizara ikaona zahanati zinaelemewa, ikafungua Vituo vya Chanjo ya Mavazi. Cha Mikungu kilijengwa ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati, na ndani wakawekwa mafundi cherehani kumi waliopewa mafunzo ya siku moja. Dunia ilishangaa, barua za pongezi zikaja. Watu waliendelea kufa, ila walizikwa wakiwa na makoti yenye kinga kamili.

Mheshimiwa Kandege naye akaugua homa ya mkabo. Ikatangazwa kwamba amekwenda nje ya nchi kupumzika, na alipumzishwa kwenye hospitali moja ya wenzetu, kwa mashine, na manesi wa huko walimchoma sindano kumi na saba bila kibali. Koti lilibaki. Na kwa kuwa katika Baraza zima hilo ndilo pekee lililokuwa na kadi ya chanjo, likateuliwa kukaimu nafasi ya Waziri. Lilitundikwa kitini, likawekewa maji ya kunywa. Wanaojua mambo ya ndani wanasema kwamba kwa wiki tatu vikao vilikuwa vifupi, na kutoka kwenye kiti kile halikutoka neno hata moja la upuuzi.

Hayo yote Siwema angeweza kuyacheka, kama si surua.

Surua haikusubiri kibali cha mtu. Iliingia Mikungu mwezi wa nne, ikapita nyumba hadi nyumba. Kinga yake ilikuwamo mle frijini, ya kutosha, ile ile ambayo kwa ajili yake Siwema alikuwa ameliambia taifa haiumi. Miaka yote mtoto akitimiza miezi tisa mama yake alikuja mwenyewe bila kuitwa. Safari hii walikuja na vigauni na vishati, vimefuliwa na kupigwa pasi. Siwema alikataa katakata kuichoma nguo ya mtoto chanjo ya surua. Aliwasihi, aliwafokea, akawafuata hadi majumbani. Wakamwitikia vizuri, "Sawa, Nesi," wakavuka barabara kwenda kwa mafundi cherehani.

Siku ya Alhamisi akaja Mwantumu, binti yake wa pekee. Mkononi ameshika kigauni cha njano cha Kidawa, mjukuu wa Siwema.

"Kidawa yuko wapi?" Siwema aliuliza. "Jana ametimiza miezi tisa."

"Yuko nyumbani. Nimeleta gauni, Mama."

Siwema akacheka. Akamtazama mwanawe, akaona ni yeye peke yake anayecheka.

"Mwanangu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilikuona kwenye televisheni, Kidawa nimempakata." Mwantumu alikuwa anaongea polepole, macho chini. "Tangu nizaliwe sijakusikia ukimwambia mtu haiumi. Hata mimi mwanao hukuniambia. Sasa nikimleta mtoto, sijui sindano ataishika Mama yupi, yule wa zamani au yule wa siku ile."

 Kila Siwema alilotaka kusema lilianza na neno niamini, na neno hilo aliliona halina kazi tena. Mwantumu akaweka kigauni mezani akaondoka. Siwema alikichukua akakitundika kwenye msumari wa chumba cha sindano, na siku nzima alifanya kazi akikipa mgongo. Iliuma, jamani. Usiku wa kuamkia maziko ya mumewe haukumuuma namna ile.

Wiki haikupita, surua ikamchukua Jaribu, mtoto wa miezi kumi, nyumba ya nne kutoka kwa Mwantumu. Mama yake, anayeuza vitumbua pale mashine ya kusaga, alikuja zahanati na kadi mkononi. Siwema alijiandaa kutukanwa. Alitamani kutukanwa. Mama Jaribu alimwonyesha kadi, yenye muhuri wa kituo cha ng'ambo, akamuuliza, "Nesi, au nilipeleka shati silo? Alikuwa na mawili."

Siwema akaketi chini sakafuni karibu naye, wakalia wote.

Jumatatu iliyofuata Mheshimiwa Kaimu Waziri alikuja Mikungu kuzindua mnara wa kumbukumbu ya siku ile ya chanjo. Koti lilifika ndani ya gari lenye bendera, limefungwa mkanda kiti cha nyuma, likashushwa na askari wawili, likatundikwa kwenye kiti cha mbele. Bwana Lukanga alimpa Siwema karatasi yenye maneno machache ya ukaribisho. Siwema aliishika, akaenda kwenye kipaza sauti, akaikunja akaitia mfukoni.

Aliwaambia watu yote. Kwamba siku ile alichoma sifongo. Kwamba mkono wa Waziri haukuguswa, na hiyo ndiyo sababu haikuuma, maana koti haliumii. Kwamba aliwadanganya, na kabla ya hapo aliwadanganya daftarini mara arobaini na tatu. Kwamba Jaribu wa Mama Jaribu amekufa na kinga yake imo frijini. Akawaomba wawalete watoto wenyewe, si nguo.

Watu wakapiga makofi ya heshima, kama kwa hotuba yoyote. Hakuna aliyemwamini. Walipotawanyika Mzee Ngwali alimsogelea, akamwambia bila ubaya kwamba amesema vizuri sana, ila kila serikali inapotaka kuleta uongo mpya huanza kwa kukiri ule wa zamani, kwa hiyo wao watasubiri. Mwantumu alisimama kwa mbali, mtoto mgongoni. Alionekana anataka kuja. Hakuja.

Jioni ile askari wakamkamata Siwema. Mikungu nzima ikasimama.

Maana katika nchi ile watu walikuwa wamebakiwa na kipimo kimoja tu cha ukweli. Yanayotangazwa waliyaacha yapite. Linalomfanya mtu akamatwe, hilo walilifikiria mara mbili.

Kesi ilisomwa baada ya siku mbili, mahakama imejaa hadi madirishani. Siwema hakushtakiwa kwa kudanganya umma, kwa sababu kudanganya umma kulikuwa ndani ya majukumu yake ya kazi. Alishtakiwa kwa kumjeruhi Mheshimiwa Kaimu Waziri kwa kitu chenye ncha kali. Koti lilitundikwa kwenye kiti cha mlalamikaji. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye bidii anayetafuta kupandishwa cheo, aliithibitisha kesi yake bila kuacha mwanya. Alilionyesha tundu. Alimleta fundi cherehani mkuu, aliyekula kiapo kwamba sindano ilipita kwenye sufu, ikapita kwenye bitana, ikaishia kwenye sifongo. Akasoma barua ya Mheshimiwa Kandege kutoka kitandani huko nje ya nchi, ambamo Mheshimiwa aliapa kwamba siku ile mwili wake haukuguswa hata kidogo, na kwamba aliyedhurika ni koti peke yake.

Watu madirishani walikuwa wakipokezana maneno hayo hadi barabarani. Bwana Lukanga, kiti cha nyuma, ndiye pekee wa serikali aliyeelewa kinachotendeka. Alinyanyuka nusu, akainua kidole. Lakini itifaki hairuhusu kumkatiza mwendesha mashtaka, na yeye ndiye aliyeiandika. Akakaa.

"Mshtakiwa, unakubali maelezo haya?" hakimu aliuliza.

"Nayakubali yote, Mheshimiwa," Siwema akasema. "Naomba yaandikwe, yapigwe muhuri, na yabandikwe mlangoni pa zahanati."

Hakimu hakuwahi kumwona mshtakiwa mtiifu namna hiyo. Akamkubalia. Kisha akatoa hukumu: Siwema afukuzwe kazi, na kabla ya kuondoka alishone tundu hilo kwa mkono wake, hadharani, palepale zahanati alipolitoboa. Barua ya kufukuzwa ilikuwa haijapata muhuri, kwa hiyo ingeanza kazi Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Siwema alikuwa barazani pa zahanati, koti liko mapajani, askari mmoja anamlinda. Nyuma yake hukumu imebandikwa mlangoni, kurasa tatu, na watu walikuwa wakiisoma kwa zamu, wasiojua kusoma wakisomewa. Hakuna aliyepiga makofi. Akaingiza uzi kwenye tundu la sindano, akashona mshono wa kwanza, wa pili. Ng'ambo ya barabara mafundi kumi walikuwa wameketi nje hawana mteja.

Aliponyanyua macho aliona miguu ya mtu mbele yake. Ni Mwantumu. Mikono haina kitu. Kidawa alikuwa mgongoni.

Nyuma yake alisimama mwingine na mtoto, na nyuma ya huyo mwingine, na foleni ilikwenda mpaka mashine ya kusaga. Mama Jaribu naye alikuwamo, amembeba mtoto wa dada yake. Siwema alilikabidhi koti kwa askari, sindano ya kushonea ikiwa bado inaning'inia kwenye uzi, akanawa mikono, akafungua friji. Mwantumu aliingia, akakitungua kigauni cha njano msumarini, akakitia begani, akamshusha mtoto.

"Inauma, Mama?" aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote walio mlangoni.

Siwema alichuchumaa, magoti yakalia. Akamtazama Kidawa machoni, akamwonyesha sindano.

"Itauma kidogo," akasema, "halafu itaisha."

Kidawa alipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo ya barabara, na foleni nzima ikasogea hatua moja mbele.